Mrina Asiyewahi Kuumwa na Nyuki

Wathome alikuwa amemeza kidonge chake cha mafua, maji bado yako kooni, aliposikia sauti ya pesa. Sauti yenyewe ilikuwa ya mwanamke akipiga chafya.

Ilikuwa Oktoba, mwezi ambao jakaranda za Nairobi huchanua, nusu ya mji ikapiga picha na nusu nyingine ikapiga chafya. Wathome alikuwa katika nusu hiyo ya pili tangu utoto wake kule Ziwani. Sasa mtu anayeishi kwa mdomo atafanyaje na pua inayomkatiza katikati ya uongo? Kila asubuhi alipitia duka la dawa la Donholm, akanunua vidonge vidogo vya manjano vya shilingi kumi, akameza kimoja palepale mlangoni, kisha akapanda nduthi, pikipiki yake kuukuu, kwenda kutafuta wa kumla siku hiyo.

Mwenye chafya alikuwa Mama Tiffany, mwenye nyumba za kupangisha na mwenyekiti wa chama cha akina mama wa mtaa. Alikuwa ameegemea kaunta, kitambaa puani, akibishana na Nerima, mwuzaji wa duka.

"Hizo ni kemikali, Nerima. Mimi figo zangu ni mbili tu."

"Mama Tiffany, ni kidonge cha mafua. Hata mimi nameza."

"Ndiyo maana umekonda hivyo. Mimi nataka kitu cha asili. Kwenye WhatsApp wametuma ile ya nyuki, ile ungaunga wanayotoa kwa maua. Unaila kidogo kidogo, mwili unazoea, aleji kwisha!"

"Hiyo hatuna."

"Hamwezi kuwa nayo! Mkiiuza, hizo kemikali mtamuuzia nani?"

Kuna watu walioitwa wakichunga kondoo, na wengine wakilala hekaluni. Wathome aliitwa akiwa kwenye mlango wa duka la dawa, na kusema kweli hakumchelewesha aliyemwita.

"Inaitwa chavua," alisema, akivua kofia. "Samahani kwa kuingilia, mama. Kwetu Kyuso tunailamba kabla hatujajua kutembea."

Kyuso ameiona wapi? Kwenye kibao cha basi. Na nyuki je? Mwaka uliopita aliiacha nduthi ikinguruma katikati ya barabara ya Jogoo akakimbia kwa sababu ya nyuki mmoja, ambaye baadaye mashahidi walisema alikuwa nzi.

"Wewe ni mrina asali?" Mama Tiffany akauliza, macho yamemtoka.

"Baba mrina, babu mrina. Mkono huu nyuki wameuuma mpaka wakachoka."

Nerima alikuwa akiutazama mkono huohuo, uliokuwa bado umeshika karatasi ya vidonge.

"Si wewe nimekuuzia sasa hivi—"

"Nimemnunulia jirani," Wathome akasema bila kupepesa. "Jirani yangu hana imani."

Jioni hiyo, chumbani kwake, alichanganya chenga za mahindi, sukari guru na bizari ya manjano, akakaanga kidogo hadi zikawa punje nzuri za kung'aa. Tapeli wa kawaida angeishia hapo. Angeuza chupa ishirini, angehepa kabla ya Ijumaa, na Jumamosi angeonekana Umoja akiuza mafuta ya mamba. Lakini Wathome alikuwa na msimamo. Aliamini kwamba dawa ya uongo lazima iponye, la sivyo huo ni wizi. Kwa hiyo alivisaga vidonge vyake vya manjano, akavimwagia humo bila ubahili. Tangu siku hiyo alivinunua kwa jumla Pumwani, mbali na macho ya Nerima, na kwenye chupa akabandika stika yenye nyuki anayetabasamu.

Mama Tiffany alilamba kijiko kimoja Jumanne. Jumatano hakupiga chafya hata moja. Alhamisi Donholm nzima ilikuwa na habari.

"Mia nane tu kwa chupa," Wathome aliwaambia waliopanga foleni, "na mia saba na hamsini kwa waliookoka."

Haki ya nani, watu walipona! Vidonge vya shilingi kumi vilivyokataliwa kaunta vilinunuliwa kwa mia nane ndani ya chupa, na vilifanya kazi ileile. Tatizo dogo lilikuwa usingizi. Shemasi alilala wakati wa kukusanya sadaka, kapu likampita mara mbili. Kinyozi wa karibu na steji alimnyoa mteja nusu kichwa, akaegemea kiti, akakoroma. Fundi cherehani alishona suruali mfuko kwa nje.

"Usingizi ni ishara njema," Wathome alieleza kwa upole wa daktari. "Nyuki halali. Uchovu wake wote unabaki kwenye chavua. Ukiila, unampumzikia."

"Ngai! Kumbe," alisema Mama Tiffany, akipiga miayo.

Nerima alijaribu. Alimfuata Mama Tiffany hadi nyumbani, akamwambia wazi kwamba yule jamaa mwenyewe humeza vidonge vya mafua, na kwamba watu hawalali hivyo kwa sababu ya maua. Mama Tiffany alimsikiliza huku amekunja mikono.

"Nerima, wewe ni katibu wetu na nakupenda kama mtoto wangu. Lakini huo ni wivu wa biashara. Mambo ya kumchafulia mwenzako jina bila ushahidi hatutaki."

Mwingine ambaye hakuridhika alikuwa Shosho Wanza, bibi wa miaka sabini na kitu, mwanachama mkongwe kuliko wote. Yeye alilamba kijiko kimoja, akaketi kuchambua maharagwe, akazinduka jioni uso ukiwa ndani ya ungo. Watu walimcheka, naye akacheka nao. Alipiga simu moja tu, fupi, kwa Kikamba.

Sasa tuje kwenye gari, kwa maana bila gari Wathome angebaki mwuza chupa mpaka jakaranda ziishe.

Chama cha Mama Tiffany kiliitwa Inuka na Jirani, kilikuwa na akina mama ishirini, na mali yao kubwa ilikuwa Probox moja nyeupe. Hiyo Probox ndiyo iliyobeba hema na viti walivyokodisha kwenye harusi na matanga, kutoka Donholm hadi Dandora. Karo za watoto zilitoka humo. Nerima mwenyewe alisomeshwa na hiyo Probox, maana mama yake, Mungu amrehemu, alikuwa mwanachama na aliiendesha akiwa na miguu imevimba. Akina mama waliiosha kila Jumamosi kama mtoto anayekwenda ubatizo.

Wathome aliiona siku moja imesimama mbele ya nyumba ya Mama Tiffany, inameta, na moyo wake ukafanya jambo ambalo haukuwahi kumfanyia mwanamke yeyote. Amechoka na nduthi! Miaka kumi ya mvua kifuani na vumbi machoni, miaka kumi ya kukimbia mji huu akiwa wazi kwa kila anayemjua. Gari lina mlango. Mtu akiwa ndani ya gari hufunga kioo na kuwa mtu mwingine. Alikuwa hata na mnunuzi kule Namanga, mpakani, lakini moyoni alishaanza kujiuliza kama kweli ataiuza.

Basi akamwendea Mama Tiffany, akakaa, akaguna.

"Unaguna nini, mrina?"

"Mizinga yangu, mama. Arobaini. Imejaa kule Kyuso mpaka asali inadondoka chini, mchwa wanakula bure. Sina gari la kuileta. Afadhali niibadilishe na mtu mwenye gari, nipumzike na haya mambo."

Mama Tiffany aliacha kukoroga chai. Ukitaka kumla mtu mwenye tamaa usimwombe kitu. Guna tu karibu naye.

"Mizinga arobaini kwa gari moja?"

"Ni hasara, najua. Lakini nifanyeje?"

"Na chavua itakuwa yetu?"

"Chavua, asali, nta, mpaka malkia wenyewe."

Mama Tiffany alishaona chupa zenye stika ya chama zikijaa Buruburu, Umoja na Kayole. Lakini alikuwa mwenyekiti, na chama kina sheria. Anayeleta mpango lazima awe mwanachama, na mwanachama mpya lazima aweke rehani mpaka mpango ukamilike. Wathome akaweka nduthi. Alitia sahihi kwenye fomu za kuihamisha, akakabidhi na logibuku, kitabu cha umiliki, huku akijizuia kucheka. Nduthi hiyo ilikunywa oili kuliko petroli. Jumapili angeingia nayo, jioni angetoka na Probox, na Jumatatu wangemtafuta Kyuso.

Jumapili ilifika na jua kali. Sebule ya Mama Tiffany ilijaa akina mama, chapati na chai ya maziwa, na madirisha yakiwa wazi kila mmoja aliweza kuiona Probox nje. Wathome alivaa shati jeupe. Hakuwa amemeza kidonge chake asubuhi hiyo. Safari ya Namanga ni ndefu, na hakutaka kusinzia kwenye usukani. Karatasi ya vidonge aliificha ndani ya soksi, ameze akifika.

Nerima alifungua daftari, akasoma kanuni kama ilivyo desturi. Kuchelewa, faini. Simu ikilia, faini. Kanuni ya saba ndiyo aliyoisoma polepole, kwa sababu iliwahi kuleta ugomvi: mwaka mmoja mama mmoja alisinzia, kichwa kikaanguka mbele, wenzake wakahesabu kwamba amekubali kununua sufuria.

"Kichwa hakihesabiwi. Mkono hauhesabiwi. Anayepinga hoja ataipinga kwa mdomo wake. Asiyesema, amekubali."

"Sheria nzuri sana," Wathome akasifu. "Mimi napenda mambo yasemwe."

Mama Tiffany akasimama kutoa hoja ya kubadilisha Probox na mizinga. Kabla hajafika mbali, Shosho Wanza akainua fimbo.

"Mwenyekiti, nina jambo dogo. Kwetu mtu akileta asali kwenye nyumba ya watu, huonja yeye mwenyewe kwanza, mbele yao, kila kibuyu. Ndipo wengine wale. Si ndivyo, mwana wa Kyuso?"

"Ndivyo, Susu," Wathome akajibu, akimwita bibi kwa Kikamba ili ampoze. "Mila haiachwi."

"Vizuri. Sikukuambia tu kwamba mimi nimezaliwa Kyuso."

Wathome alihisi jasho likimteremka mgongoni, lakini tabasamu halikuondoka. Shosho alitoa mabakuli mawili kutoka kwenye kikapu, yamefunikwa kwa kitambaa.

"Moja ni chavua uliyoniuzia. Nyingine mpwa wangu ameitoa kwenye mizinga yake, imefika jana na basi. Onja zote, utuambie ipi ni ya kwenu. Mrina hawezi kupotea hapo."

Kitambaa kiliondolewa. Mabakuli yote mawili yalikuwa na punje za manjano, na Shosho alikuwa amezipondaponda zote ili macho yasisaidie. Wathome akafikiri haraka. Anayeonja kwa woga hujulikana. Alichota kijiko kilichojaa kutoka bakuli la kwanza: mahindi, sukari guru, bizari. Hiyo aliijua. Akachota kijiko kingine kutoka la pili, akakijaza zaidi, akatafuna kwa madaha huku amefumba macho.

Wathome, mrina, mwana wa mrina, mjukuu wa mrina, hakuwahi kutia chavua ya kweli mdomoni maisha yake yote. Ilikuwa chachu, ilikuwa tamu, na ilinuka maua yote aliyoyakimbia tangu utotoni.

"Hii ya pili," alitangaza. "Hii ndiyo ya kwetu! Susu, umenikumbusha nyumbani."

"Aa," akasema Shosho Wanza. "Basi ile ya kwanza, uliyotuuzia mia nane, ni ya kwa nani?"

Mama Tiffany aliweka kikombe chini.

Hapa nataka haki itendeke kwa Wathome. Jibu alikuwa nalo. Alikuwa nayo majibu matatu, na la tatu lilikuwa zuri kuliko uongo wote aliowahi kusema. Lilikuwa na msimu wa kiangazi, lilikuwa na baba mgonjwa, na mwisho wake akina mama wangelia na kumwongezea hema. Akafungua mdomo kulitoa.

"Mmb," akasema.

Akajaribu tena. Midomo ilikuwa inawasha, kisha ikawa minene, kisha haikuwa yake tena. Ulimi ulijaa mdomo. Macho yalitiririka machozi, akapiga chafya, ya pili, ya saba, na kila chafya midomo ikazidi kuumuka kama maandazi kwenye karai.

"Woi! Amerogwa!" akapiga kelele mmoja.

Nerima alikuwa ameshafika mbele yake, amemshika taya, ameweka sikio kifuani. "Anapumua vizuri. Ni mdomo tu." Kisha akanyanyuka polepole, na furaha ikamjaa usoni asiweze kuificha. "Mwenyekiti, mrina wetu ana aleji ya chavua."

Wathome alitikisa kichwa kukana. Alijua tiba iko wapi. Iko kwenye soksi, inchi chache kutoka mkononi mwake. Akiitoa, kila kitu kimekwisha. Akivumilia dakika kumi, labda uvimbe utashuka, labda mdomo utarudi, na mdomo ukirudi yeye hana wasiwasi. Alitazama dirishani. Probox ilikuwa pale, funguo ziko mezani karibu na chapati. Dakika kumi tu! Akashika magoti, akakaza. Lakini shingo nayo ikaanza kuwasha, na kwa mara ya kwanza Oktoba ile aliogopa kweli.

"Mwanangu," Shosho Wanza akasema kwa sauti ya chini, "kama una dawa, meza. Mtu hafi kwa sababu ya aibu."

Wathome aliinama, akavuta soksi, akatoa karatasi ya vidonge. Ilikuwa ndefu, ikateremka mpaka sakafuni mbele ya macho arobaini. Akameza viwili kwa chai ya Mama Tiffany.

Nerima aliokota karatasi. Akaponda kidonge kimoja juu ya bakuli la kwanza, na unga ukapotea ndani ya chavua ya Donholm usionekane tena.

"Kwa hiyo," Mama Tiffany akauliza, "nimekuwa nikimeza kemikali?"

"Za shilingi kumi," Nerima akajibu. "Ulizozikataa."

Kuna mama aliyecheka, akajifunika kanga, akacheka tena. Mama Tiffany hakucheka. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, maana nusura atoe gari la wenzake kwa mizinga ya hewani. Alijiweka sawa, akarudi kwenye uenyekiti, mahali ambapo hakuna mtu angeweza kumcheka.

"Hoja ya gari imeondolewa. Nina hoja nyingine. Nduthi iliyowekwa rehani na mwanachama Wathome iwe mali ya chama, kwa sababu mpango wake haupo. Katibu, fomu?"

"Ameshatia sahihi zote," Nerima akasema.

"Anayepinga aseme."

Wathome alisimama. Aliinua mikono yote miwili. Alitikisa kichwa mpaka machozi yakaruka.

"Mmmbf! Mmmbf!"

"Mkono hauhesabiwi," Nerima akamkumbusha kwa heshima. "Wala kichwa. Ulisema ni sheria nzuri."

"Imepita," akasema Mama Tiffany. Kisha alizichungulia chupa tano za Wathome zilizobaki kando ya chapati, na yule nyuki wao anayetabasamu. Nje upepo ulipita kwenye jakaranda, na sebuleni wakapiga chafya akina mama sita kwa mpigo. Mwenyekiti akakohoa kidogo. "Mna hoja nyingine? Kwa sababu mimi ninayo. Lazima tukubali, jamani, ile dawa... inafanya kazi."

Hakuna aliyemtazama mwenzake.

"Watu wameizoea," akaendelea. "Chenga za mahindi tunazo. Vidonge Nerima atatupatia kwa jumla. Na hema peke yake, mnajua wenyewe, Januari karo haitoshi. Nasema tu. Anayepinga aseme."

Nerima alikodolea kalamu yake macho kama anayeiona kwa mara ya kwanza. Kisha akasema tu kwamba kwenye stika lazima iandikwe vidonge vilivyomo, na kwamba ukishalamba usiendeshe gari. Shosho Wanza ndiye angepinga, lakini alikuwa anamalizia bakuli la pili, na kwao mtu haongei na chavua mdomoni.

Alibaki Wathome. Alikuwa katikati ya sebule, jasho shingoni, vidonge viwili vikianza kumlegeza magoti. Gari halipo, nduthi haipo, na sasa wanamchukulia na dawa yake, aliyoibuni kwa akili yake, chumbani kwake, kwa sufuria yake! Maisha yake yote hakuwahi kukosa neno. Alivuta pumzi, akakusanya nguvu zote, akapanua ile midomo kadiri ilivyokubali.

"Mmmmmbf," akasema, na akaketi, na usingizi ukamchukua.

Nerima aliandika tarehe, akaandika hoja, na chini yake akapiga mstari: *Hakuna aliyepinga.*